Goti linauma ukiendesha baiskeli ya Phoenix? Usiivute siti hadi mwisho

Mkuu, umesema goti linakuuma mbele, kwenye pia, kila ukifika kazini, na jamaa wamekushauri uivute siti juu hadi mwisho. Kupandisha ni sawa, maana siti ikiwa chini goti hukunjika mno. Hiyo "hadi mwisho" ndiyo inanitia hofu.

Miaka minne nilibeba maziwa kutoka Kisesa kuingia Mwanza mjini, madumu mawili ya lita 20 kwenye keria. Goti likanisumbua kama lako, nikapandisha siti bila kuangalia bomba linaloishikilia limebaki kiasi gani ndani ya fremu. Siku ya tatu nikaingia kwenye shimo, nikasikia mlio mkavu. Fremu ilipasuka pale bomba linapoingilia, siti ikalala nyuma, nami nikaangukia mkono wa kushoto. Plasta wiki sita. Fundi alipolichomoa lile bomba akanionyesha: kutu ya zamani ilionyesha kwamba mwanzo lilikuwa limezama kiganja kizima, na mchubuko mpya ulikuwa vidole viwili tu kutoka nchani.

Kwa hiyo kabla ya yote, chomoa bomba lote. Tafuta mistari midogo iliyochongwa kulizunguka. Hiyo ndiyo alama ya mwisho, na lazima ifichike ndani ya fremu. Mabomba mengi ya kwetu hayana alama, au imefutika. Hapo mimi huacha si chini ya sentimita 10 ndani, na nahakikisha ncha imepita chini ya pale bomba la juu la fremu linapoungana. Likiwa fupi, nunua refu la unene ule ule. Usikubali kujaziwa vipande vya bati la kopo ili bomba jembamba libane.

Kipimo chenyewe cha urefu wa siti kinataka viatu unavyoendea kazini. Egemea ukuta, kaa kwenye siti, teremsha pedeli hadi chini kabisa, weka kisigino juu yake. Mguu unyooke bila kiuno kulala upande. Ukikanyaga kwa mbele ya unyayo, kama kawaida, goti litabaki limekunjika kidogo. Usirukie urefu huo siku moja. Pandisha nusu sentimita, endesha siku mbili tatu, ongeza. Makalio yakianza kuyumba huku na huku, au maumivu yakihamia nyuma ya goti, umezidisha.

Paka grisi kidogo kwenye bomba, kaza nati, halafu shika pua ya siti kwa mikono miwili uizungushe kwa nguvu. Ikigeuka, bado hujakaza. Bolti iliyoliwa meno badilisha.

Ukibeba abiria au mzigo, kaa chini kidogo ya kipimo hicho, ncha ya kiatu iguse ardhi ukisimama.

Goti langu lilitulia baada ya wiki mbili hivi, siti ikiwa imepanda sentimita 3 tu. Lako likivimba, au likiuma hata usiku umelala, acha kuhangaika na spana, nenda hospitali likaangaliwe.