Re: Mtoto wa darasa la pili arudi shule au aendelee kusomea kwenye simu?

Habari dada, pole na mawazo. Umeuliza mtoto arudi darasani au aendelee kusoma kwa simu wakati korona bado ipo na bibi yake mnaishi naye nyumba moja.

Mimi ningeanza na bibi, sio shule. Watoto wengi inawapitia kama mafua tu ila wazee na wenye kisukari ndio inawalaza, kwa hiyo kama bibi kashachanjwa hapo hatari imepungua sana. Halafu nenda kaangalie darasa kwa macho yako, madirisha yanafunguka? Kirusi hiki kinabaki hewani kwenye chumba kilichofungwa, kufuta meza na dawa kutwa nzima hakusaidii kama hewa haizunguki.

Wangu 2020 alisomea kwenye simu yangu miezi kadhaa, nikaona anasoma vizuri kumbe anakariri anachosikia kwa mwalimu, nikiweka kidole kwenye neno mojamoja hawezi kulitamka, iliniuma sana. Mjaribu wako hivyo leo. Kwa umri huo wa kujifunza kusoma mimi ningempeleka, ila akiamka na homa au kikohozi abaki nyumbani, hata kama kuna mtihani.