Kabla hujaagiza fimbo ya pool ya kwako

Wiki iliyopita kijana mmoja wa nyumbani, tunacheza naye ligi hapa Columbus, Ohio, aliniomba namba ya fundi wa fimbo. Ana miezi mitatu tu tangu ajiunge. Sikumpa. Nilifungua mkoba, nikamshikisha fimbo yangu ya mpingo. Akaipima mkononi, akasema, "Kaka, hii ni ya pool au ya kuulia nyoka?"

Niwarudishe nyuma kidogo.

Pool nimejifunzia Tanga, Ngamiani, kwenye meza ya sarafu iliyokuwa imeegeshwa nje ya baa chini ya turubai. Fimbo zilikuwa mbili: moja imepinda, nyingine haina tipu, kile kipande cha ngozi cha kwenye ncha, unapiga kwa mti mtupu. Mshindi anabaki mezani. Ukitaka kucheza unaweka sarafu yako ukingoni na kungoja zamu. Nilikuwa mkali, bwana. Kwa hiyo mwenzangu wa kazini aliponivuta kwenye timu yao huku, nilikwenda kama mwalimu anayeingia darasani.

Ligi yetu iko chini ya APA, chama cha wachezaji wa ridhaa kilichoanzishwa mwaka 1979 na wacheza pool wawili wa kulipwa, Terry Bell na Larry Hubbart. Kila mchezaji anapewa namba inayoonyesha uwezo wake, kuanzia 2 hadi 7 kwa mchezo wa 8-ball, ule unaomalizia na mpira mweusi namba 8. Namba 7 akikutana na namba 2, yeye anatakiwa ashinde mara saba, mwenzake mara mbili tu. Usiku mmoja timu inachezesha watu watano, na jumla ya namba zao isizidi 23. Piga hesabu uone: wakali watano hawaenei. Timu inamtafuta kwa tochi yule mama aliyeanza mwezi jana, na wewe fundi unaweza kukaa benchi unakunywa soda. Wapo wanaokosa makusudi ili namba yao isipande. Usijiingize huko. Karatasi ya alama inahesabu mmepokezana zamu ngapi na mipigo mingapi mliipiga kwa kumfungia mwenzako tu, bila nia ya kutumbukiza, kwa hiyo ujanja huo una mwisho wake. Tena unachosha kuutazama.

Usiku wangu wa kwanza nilisafisha meza, nikatumbukiza mweusi kwa mbwembwe, nikageuka kupokea pongezi. Kimya. Sikuwa nimeweka alama kwenye shimo nililokusudia. Kwa sheria yao, nimeshindwa. Kitu kingine kilichonisumbua ni ushauri. Tanga baa nzima inakufundisha, hadi muuza mishikaki: "Piga nyembamba! Mpira mweupe utazama huo!" Huku ukisikika unamwelekeza mwenzako bila ruhusa ni kosa. Kocha anaomba muda, anakuja mezani, ananong'ona, anaondoka. Mwenye namba 2 au 3 anapata nafasi hiyo mara mbili kwa mchezo, wengine mara moja. Ukiwa mgeni, itumie. Mimi kwa kiburi niliikataa wiki sita.

Sasa fimbo. Kufika mwezi wangu wa nne kwenye ligi nilikuwa nimeshasoma sana habari za George Balabushka, mzaliwa wa Urusi aliyetengenezea fimbo zake Brooklyn na kufariki mwaka 1975. Leo fimbo zake zinauzwa kwa maelfu ya dola. Kichwa kikavimba. Nikapata fundi anayefanya kazi peke yake kwenye gereji yake. Akaniuliza nataka uzito gani, tipu ya milimita ngapi, mizani ya fimbo ikae wapi. Sikuwa na jibu hata moja. Nilichomwambia ni kwamba kitako, yaani sehemu ya nyuma ya fimbo, kiwe mpingo, mti wa kwetu, na asiuchanganye na kitu.

Aliniambia utakuwa mzito. Mpingo ukiutupa majini unazama. Ndiyo maana watu wa klarineti wanaupenda. Akapendekeza autoboe katikati, aweke moyo wa maple, mti mwepesi kuliko mpingo. Nikakataa. Miezi sita aliyoahidi ikawa kumi na minne, nikalipa dola 1,400, na kilichokuja kilikuwa kizuri hata kukipaka chaki niliona dhambi. Nikakipima kwenye mizani ya jikoni: gramu 624. Fimbo nyingi zinacheza kwenye gramu 540 hivi.

Mipigo ya nguvu haikuwa na shida. Ya taratibu ndiyo iliyoniumbua. Unataka mweupe usogee shubiri moja ukae nyuma ya mpira wako, unakwenda zake mpaka ukuta wa pili. Uzito wote ulikuwa nyuma, mkono unavuta gogo.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawaambiwi. Ukipiga mweupe ubavuni, hautoki sawasawa na fimbo ilivyoelekea. Unasukumwa kidogo upande wa pili. Kiasi gani, inategemea sana uzito wa zile sentimita chache za karibu na tipu. Mkono wako umeshaizoea kasoro ya fimbo ya zamani na unairekebisha bila wewe kujua. Ukibadilisha sehemu ya mbele, marekebisho yale yale ndiyo yanayokukosesha. Kwa hiyo msimu ule nilishuka, na sikuwa nimesahau kucheza.

Nilichomwambia yule kijana: nunua fimbo ya kawaida ya vipande viwili, ya maple, dola 100 hadi 200. Kuona kama imenyooka, usiiviringishe mezani kama wafanyavyo wengine. Funga jicho moja uitazame urefu wake kama unalenga bunduki. Usiilaze kwenye gari, baridi na joto la hapa vinapinda mti. Ikikukera, badilisha tipu kwanza. Cheza nayo mwaka mzima, kisha uipime: uzito, tipu, na inapokaa sawa ukiilaza juu ya kidole kimoja. Fundi mpelekee namba hizo. Rangi na aina ya mti ni mazungumzo ya mwisho.

Na ukinunua kuukuu, uliza kama pete nyeupe chini ya tipu ni pembe ya ndovu. Zamani walizitumia, na tangu 2016 Marekani imebana mno biashara yake. Karne ya 19 hata mipira ilichongwa kwa pembe, nyingi zikipitia Zanzibar.

Ya mpingo sijaiuza. Kwa uzito ule inapasua vizuri sana, mipira inatawanyika meza nzima, halafu naiweka pembeni nachukua ya dola 120. Kapteni wetu, dereva mstaafu wa basi la shule anayetumia fimbo yoyote atakayoikuta ukutani, kila Jumanne ananiuliza kama nyundo yangu nimekuja nayo.