Silabi za Kiingereza huhesabiwa kwa sikio

Mtu aliyesoma Kiswahili hana shida na silabi. Mpe "Mikindani", atakukatia papo hapo: mi-ki-nda-ni. Mpe "Mtwara", atakwambia ni tatu, kwa sababu ile M ya mwanzo inasimama peke yake kama ilivyo kwenye "mtu" na "mti". Kiswahili tunakiandika kama tunavyokitamka, na silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu. Ukihesabu irabu, ukakumbuka na zile M na N zinazojitegemea, kazi imekwisha. Ndiyo maana mtoto aliyefundishwa vizuri anaweza kupima mshororo wa mizani 16 kwa vidole tu.

Kwenye Kiingereza kipimo hicho kinagoma. Ninafundisha twisheni hapa Mtwara mjini, na wanafunzi wangu wengi ni wa kidato cha kwanza na cha pili. Wapo wa Shangani, wapo wa Magomeni, na wengine wanavuka na kivuko kutoka Msangamkuu. Shule ya msingi walisoma kwa Kiswahili, sasa ghafla kila kitabu ni cha Kiingereza. Watu wanadhani kinachowaangusha ni sarufi. Mimi naona kinachotangulia ni matamshi: mtoto hajui neno lina vipande vingapi, kwa hiyo halisikii likitamkwa na wengine, hata kama ameliandika kwenye daftari jana yake.

Jambo la kwanza ninalowaambia ni waache kuangalia herufi. Neno "area" lina herufi nne tu, lakini silabi zake ni tatu. Neno "strengths" lina herufi tisa na ni silabi moja, pigo moja la mdomo. "Make", "time" na "home" ni silabi moja moja, maana ile E ya mwisho haitamkwi. "Boat" na "tea" nazo ni moja moja, ingawa jicho la Mswahili linaona irabu mbili na linataka kusoma bo-a-t. Lakini usikimbilie kusema kwamba irabu mbili zikikaa pamoja siku zote ni silabi moja, kwani "quiet" ni mbili, "lion" ni mbili, na "science" ni mbili. Kinachohesabiwa ni sauti ya irabu inayotoka mdomoni.

Pia ziko silabi zisizo na irabu kabisa, na hapa sisi tuna bahati. "People", "table" na "bottle" ni silabi mbili mbili, na kwa wasemaji wengi ile ya pili inabebwa na L peke yake. "Rhythm" ni mbili, na ya pili inabebwa na M. Mgeni wa lugha nyingine anaweza kushangaa konsonanti kubeba silabi. Aliyezaliwa akisema "mtu" na "nchi" hana cha kushangaa, kwa hiyo anzia hapo unapomfundisha mtoto wa Kiswahili.

Sasa kuna mbinu inayofundishwa kila mahali: piga makofi kwa kila silabi, au weka kiganja chini ya kidevu uhesabu taya linashuka mara ngapi. Ni mbinu nzuri, lakini kwetu ina mtego. Makofi yanahesabu matamshi yako wewe. Mdomo wetu haupendi neno liishie na konsonanti, wala konsonanti zirundikane, kwa hiyo tunachomeka irabu. Ndivyo "film" ya silabi moja ilivyokuwa "filamu" ya silabi tatu, na "bus" ikawa "basi". Kwa maneno tuliyokwisha kuyafanya yetu hakuna ubaya wowote, ni Kiswahili safi. Shida inakuja pale unaposema Kiingereza chenyewe.

Niliwahi kuandika sentensi hii ubaoni, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto na meli ziko bandarini: "The ship loaded cashew nuts and sailed." Binti mmoja wa kidato cha pili akasimama, akaisoma huku anapiga makofi. De shi-pu lo-de-di ka-shu na-ti-si e-ndi se-i-le-di.

"Ngapi, mwanangu?"

"Kumi na saba, mwalimu."

Alihesabu sawasawa kabisa. Makofi yalikuwa 17 kweli, lakini sentensi ile ina silabi 9. Tukaipitia neno kwa neno. "Ship" moja: funga midomo kwenye P na uiache imefungwa. "Nuts" moja: T na S zinatoka pamoja, hakuna cha kuzitenganisha. "Sailed" moja. "Loaded" mbili. Aliporudia na midomo ikabaki imefungwa pale kwenye "ship", darasa zima lilisikia tofauti, na mimi nilifurahi kuliko yeye.

Kwa hiyo, kabla ya kupiga makofi, sikiliza kwanza. Simu yenye intaneti ina kamusi za Kiingereza zenye sauti. Bonyeza, sikiliza, rudia, halafu ndipo uhesabu. Mtoto asiye na simu asomewe na mtu anayetamka vizuri. Makofi kabla ya kusikiliza yanamzoesha mtu kosa lake.

Umeuona utata wa "loaded" na "sailed": zote zinaishia na "ed", lakini moja imeongeza silabi na nyingine haikuongeza. Kanuni yake inashikika. Kitenzi cha kawaida kikiishia na sauti ya T au D, "ed" inaongeza silabi: "wanted", "needed", "loaded". Kikiishia na sauti nyingine yoyote, haiongezi: "walked", "washed", "cooked" na "cleaned" zinabaki silabi moja. Wapo wakorofi wachache ambao ni sifa, kama "naked" na "wicked", hao ni mbili. Na S ya wingi inakaribia tabia hiyo hiyo. "Boats" na "books" haziongezi kitu, lakini neno likiishia na sauti kama S, Z, SH au CH, silabi inaongezeka: "bus" ni moja, "buses" ni mbili, "price" moja, "prices" mbili.

Mzazi mmoja aliniuliza haya yote yana faida gani kwenye mtihani. Faida ipo, tena ya wazi. Unapolinganisha vitu kwa Kiingereza, silabi ndizo zinazoamua. Sifa ya silabi moja inapewa "er": "cheap" inakuwa "cheaper". Ya silabi tatu au zaidi inatanguliwa na "more": "more expensive". Ya silabi mbili inayoishia na Y, kama "happy", kwa kawaida inakuwa "happier". Mwanafunzi asiyejua kuhesabu anakariri orodha ndefu, na neno lisilokuwemo kwenye orodha linamshinda.

Ukishapata idadi, tafuta mkazo uko wapi. Kwetu mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo vijana wangu wanasema "development" wakikazia "lop". Mahali pake ni "vel", silabi ya pili kutoka mwanzo. Kiingereza hakina kiti kimoja cha mkazo, kwa hiyo jifunze neno pamoja na mkazo wake tangu siku ya kwanza. Kurekebisha baadaye ni kazi ngumu mno.

Waingereza wenyewe nao wanameza silabi. "Wednesday" ni mbili, "business" ni mbili. "Vegetable" kwa kawaida ni tatu, na "chocolate" wengi wanaitamka kwa mbili. Usidanganywe na vitone ambavyo baadhi ya kamusi huweka katikati ya maneno, maana vingi vinaonyesha mahali pa kukata neno mstari unapoisha, ndiyo maana "any" inaweza kuonekana haina kitone hata kimoja ilhali ina silabi mbili. Na kuhusu "fire" na "hour", wenye lugha yao wako pande mbili: wapo wanaosema moja, wapo wanaosema mbili. Mwanafunzi wangu akiniletea jibu lolote kati ya hayo mawili, nampa alama yake.