Jinamizi linanikaba usiku, nipiganeje?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Nimeokoka miaka sita sasa. Kwa miezi miwili, kama saa tisa usiku nazinduka siwezi kusogeza hata kidole, kitu kizito kimenikalia kifuani. Nimekesha kwenye maombi siku tano mfululizo, nimefunga kavu siku tatu, nimenunua mafuta ya upako, nalala na Biblia chini ya mto nimeifungua Zaburi ya 91. Hali inazidi. Jirani anasema ni wifi yangu. Nifanyeje?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Amina, dada yetu. Tuanze na mwili, maana umeuchosha mno. Mtu akiota, misuli hulegea. Mara nyingine akili hutangulia kuamka, mwili ukabaki umelala sekunde kadhaa au dakika moja mbili. Hapo kifua huwa kizito na hofu hujaa. Jinamizi hilo hutisha, lakini hupita. Kukosa usingizi na kulala chali huliongeza, kwa hiyo mikesha yako imelichochea. Eliya alipochoka hadi kuomba afe, malaika hakumwambia akeshe. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili (1 Wafalme 19:5–8).

Hatusemi hakuna vita. Huko Efeso waumini walichoma vitabu vya uganga vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha (Matendo 19:19). Giza walilijua vizuri. Hata hivyo Paulo aliwaandikia kwamba kushindana kwetu "si juu ya damu na nyama" (Waefeso 6:12). Wifi yako ni damu na nyama. Ukianza kumchukia kwa neno la jirani, hapo ndipo unapompa Ibilisi nafasi (Waefeso 4:27).

Tena, amri ya Paulo ni "simameni". Si "simama". Ngao ya imani anayoitaja hapo ni ile kubwa ya askari, na askari wa Kirumi waliziunganisha ngao zao wakasonga pamoja. Wewe umepigana peke yako chumbani. Tafuta dada wawili wa kanisani wanaotunza siri, mwombe pamoja kila wiki.

Mafuta usinunue tena. Yakobo 5:14 inasema uwaite wazee wa kanisa wakuombee na kukupaka, wala haikutajwa bei. Nayo Zaburi ya 91, Shetani mwenyewe aliinukuu kumjaribu Yesu (Mathayo 4:6), basi usiigeuze hirizi. Isome kwa sauti, uiamini.

Lala saa nne usiku, kwa ubavu. Kabla ya hapo samehe kwa kutaja jina, soma Zaburi ya 4, omba dakika kumi. Jinamizi likikukaba, usishindane na mwili wote: vuta pumzi polepole, liite jina la Yesu moyoni, jaribu kusogeza kidole kimoja cha mguu. Ukiachiwa, washa taa, kaa kitako dakika chache, urudi kulala bila kuanza mkesha. Kufunga, anza na siku moja kwa wiki, asubuhi hadi jioni, ukinywa maji. Kama una mimba, kisukari au vidonda vya tumbo, muulize daktari kwanza. Ukikoroma sana, ukisinzia mchana au hofu isipopungua, nenda hospitali huku ukiendelea kuomba.

Na wifi yako mpigie simu wiki hii. Msalimie, uulizie watoto. Habari ya jirani usiitaje.