Barua kwa mwanangu: tuliza miguu kwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku hatujambo, ni mgongo wa baba yako tu unaomsumbua. Umeniuliza mikono uiweke wapi mwezi ujao utakaposimama mbele ya wafadhili kueleza matokeo ya mradi wenu, na kama umwamini yule mkufunzi aliyewaambia kwamba asiyewatazama watu machoni hajiamini, na kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mazungumzo, zilizobaki 93 ni sauti na mwili.

Nianze na miguu, ingawa hukuniuliza. Tuliza miguu. Mtu anayeyumbayumba mikono yake itahangaika tu, hata afundishwe namna gani, kwa sababu inatafuta pa kujishikiza. Nyayo zote mbili zikanyage chini, vuta pumzi ifike tumboni, waangalie, ndipo utoe neno la kwanza. Kile kimya cha mwanzo watu wanakiogopa sana. Wanaanza kusema wakiwa bado wanatembea kwenda mbele, na sentensi yao ya kwanza inamezwa na kelele za viti.

Mwaka ule mnyauko ulipoingia kwenye migomba yetu ya Kagera wewe ulikuwa bwenini, kwa hiyo habari za kile kikao umezisikia kwa baba yako, naye husimulia akiruka mambo. Aliletwa kijana mmoja mtaalamu kutoka nje ya mkoa. Msomi kweli, na mimi kama afisa ugani nakuhakikishia kila alichosema kilikuwa sahihi. Ua dume likatwe mara tu vichane vikishatoka vyote, na likatwe kwa kijiti chenye panda, maana wadudu wanabeba ugonjwa kutoka ua hadi ua na panga linaubeba kutoka mgomba hadi mgomba. Panga likitumika, lipitishwe motoni kwanza. Shina lililougua ling'olewe lote. Lakini haya yote aliliambia shuka. Projekta ilimulika shuka jeupe ukutani, naye akasoma yaliyoandikwa pale huku ametupa mgongo, mkono mmoja mfukoni, mguu ukichezacheza.

Bibi yako akauliza kutoka kwenye benchi: shina alilopanda baba mkwe wangu niling'oe, wajukuu watakula nini? Swali la haki kabisa, na ndilo lililokuwa moyoni mwa kila aliyekaa pale. Yule kijana akageuka, akamnyooshea kidole. Kidole! Mama mkwe wangu, mbele ya wakwe na majirani zake. "Wewe bibi, maswali mwishoni." Miaka yote hii imepita na nikiandika hapa bado kifua kinanipanda. Angeweza kuwa na shahada tatu. Kidole kile kilizifuta zote. Kuanzia hapo wazee hawakusikia tena neno lake, nami niliona nyuso zinavyofunga.

Mwishoni, watu wameshaanza kuinuka, bibi yako akasimama. Unamjua alivyokuwa, hana haraka. Akafunga kanga yake vizuri, akaenda hadi kwenye meza palipokuwa na kipande cha mgomba ulioumwa, ambacho mtaalamu hakukigusa tangu asubuhi. Akasimama hapo, miguu imetulia, kimya, mpaka waliokwisha kutoka wakarudi mlangoni kutazama kuna nini. Kwanza akawainamia kichwa wazee wa mstari wa mbele. Halafu akakikata kile kipande kwa panga, akakipitisha benchi hadi benchi, kila mtu aone kwa macho yake ule usaha wa manjano unaotoka ndani. Aliporudi akalitia lile panga kwenye makaa ya jiko la chai na kuliacha humo, tukingoja naye. Ndipo akasema: "Huu ni wa kwangu. Kesho nang'oa shina zima. Nani atakuja kunisaidia, nami niende kwake?" Hakuongeza kitu. Kesho yake walikuja watu mpaka wa kitongoji cha pili, na baba yako akakosa hata pa kusimama na jembe lake.

Umeniuliza mikono iwekwe wapi. Ya bibi yako ilikuwa na kazi ya kufanya. Kama mradi wenu una kitu cha kushikika, mbegu, kifaa, daftari la mkulima, nenda nacho. Kama huna, iache mikono ining'inie. Itainuka yenyewe ukifika kwenye jambo linalokugusa. Na usimnyooshee mtu kidole. Ukitaka kumpa nafasi aulize, fungua kiganja.

Sasa utaniambia: mama, basi mkufunzi kasema kweli, mwili ndio kila kitu. Sikubali. Nilimtuma mdogo wako anitafutie hizo asilimia. Zimetoka kwa Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Marekani, katika majaribio ya mwaka 1967, na yalihusu jinsi tunavyotambua hisia za mtu pale ambapo neno lake na sauti au uso wake havikubaliani. Mwenyewe amesema hazihusu kila mazungumzo. Ungekuwa ukweli kwa kila mazungumzo, ungefuata mhadhara wa Kichina bila mkalimani.

Na tena, tarehe 2 Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yamekalia ardhi yetu kaskazini mwa Mto Kagera, Mwalimu Nyerere alizungumza kutoka ukumbi wa Diamond Jubilee, Dar es Salaam. Mimi nilikuwa msichana mdogo. Bara hapakuwa na televisheni. Tulijazana kwa mjomba, tukiizunguka redio moja. Mwalimu akasema: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Hatukuona jicho lake wala mkono wake, na watu wazima walilia. Maneno yalikuwa machache, yamepangwa, na alituachia nafasi ya kuyameza. Ingawa nikibishana na nafsi yangu, pumzi nayo ni mwili. Mtu aliyesimama vibaya hapati pumzi ya kutulia namna ile. Kwa hiyo narudi palepale: miguu.

Limebaki la macho. Nililelewa kwamba mtoto anayemkazia mkubwa macho hana adabu, na hakuna aliyewahi kusema bibi yako hajiamini kwa sababu aliinamisha kichwa. Lakini wafadhili wako hawakulelewa huku kwetu Kamachumu. Ukitazama meza wakati unaeleza matumizi ya fedha wanaweza kudhani kuna jambo. Vijijini nilizoea kumpa mtu mmoja sentensi nzima, ikiisha nahamia kwa mwingine wa upande wa pili, na haikuonekana kama kukodoa. Je, ufanye hivyo hata kwa yule mama mwenyekiti uliyesema ana umri wa bibi yako? Sikuamulii. Wewe ndiye utakayekuwa chumbani na utauona uso wake. Ila ulimi unaniwasha, mwanangu, unaniwasha kweli, kukuambia umwinamishie kichwa kidogo kabla hujaanza.

Jioni ya kuamkia siku hiyo nipigie, simu ya sauti tu, usiwashe kamera. Unisemee yote umesimama. Nitajua kama miguu imetulia.

Mama yako