Jibu: Kupiga filamu fupi Mfangano

Dada, umeuliza kama watu wanne wenye kamera moja wanaweza kupiga filamu fupi kisiwani Mfangano, katika Ziwa Victoria upande wa Kenya. Mnaweza, ila kitakachowasumbua ni sauti. Injini za boti hazinyamazi, na upepo wa alasiri huingia kwenye maikrofoni hata ukiivika kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo. Mazungumzo yarekodini asubuhi, ndani ya nyumba ikibidi. Mchana jua liko utosini, macho ya waigizaji yanakuwa mashimo meusi. Pumzikeni mle samaki.

Kutoka Kisumu piteni Luanda Kotieno, feri hadi Mbita, kisha boti. Betri zikae kwenye ndoo yenye mfuniko, zisilowe. Kibali cha kupiga filamu kitafuteni mapema, na mkifika mwoneni kwanza mwenyekiti wa ufuo, yaani kiongozi wa wavuvi wa hapo. Wavuvi wa omena (dagaa) huvua usiku kwa taa: mandhari hayo hamwezi kuyanunua.