Mshale unasema robo, tenki limekauka

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hilux ya mwaka 1994, ya dizeli. Nabebea samaki wa barafu kutoka Kayenze kuja soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na mara mojamoja napeleka mzigo Sengerema. Geji ya mafuta imenichosha. Nikijaza tenki pomoni mshale hauvuki robo tatu. Nikiwasha taa usiku unashuka kidogo, nikizima unapanda. Ukikaribia nusu unaanza kutetemeka kama mwenye homa, mara unaanguka hadi E, tukiruka tuta unarudi. Mwezi uliopita ulikuwa umetulia kwenye robo, gari likazima juu ya Daraja la Kigongo–Busisi. Nikagonga tenki kwa spana, likalia kama debe tupu. Mpaka dumu la dizeli linafika, barafu yote imeshakuwa maji. Fundi mmoja kaniambia geji imekufa, ninunue dashibodi nzima ya mtumba. Mwingine anasema ni floti. Nimfuate yupi?
Msafirisha samaki, Kayenze

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa barafu. Zamani, kabla ya daraja, gari likikuzimia kwenye foleni ya kivuko, watu walikusukuma huku wakicheka. Kilomita tatu za daraja hazina utani huo.

Huyo wa dashibodi mwache kwanza. Wa floti kapatia, ila kapatia kipande. Wewe una magonjwa mawili kwenye geji moja, pengine matatu, na maelezo yako mwenyewe yanayatenganisha vizuri.

Nikupitishe kwenye kazi ya kitu chenyewe. Ndani ya tenki kuna boya, ndiyo floti ya gereji, limeshikwa na mkono mwembamba wa chuma. Mafuta yakipanda linapanda. Mkono ukisogea, kidole kidogo cha shaba kinateleza juu ya waya mwembamba uliosokotwa kwenye kibao. Waya ule unauzuia umeme kwa kiasi kinachobadilika: kwenye Toyota za umri wa gari lako ni kama omu 3 tenki likiwa limejaa na kama omu 110 likiwa tupu. Umeme unatoka kwenye swichi, unapita kwenye geji, unashuka kwa waya mmoja mrefu hadi tenkini, unapita kwenye kibao, unamalizikia kwenye chesisi. Hiyo ya mwisho ndiyo ethi, na ndiyo ninayoishuku kabla ya yote.

Sababu ni taa zako. Ethi ikiwa na kutu, umeme unapata kizuizi cha ziada juu ya kile cha kibao, na geji inadhani mafuta ni machache kuliko yaliyopo. Ndiyo maana tenki lililojaa linasomeka robo tatu. Ukiwasha taa za nyuma, nazo zinagombania njia ileile mbovu ya kurudi, mshale unazidi kushuka. Dashibodi ya mtumba ingesoma robo tatu vilevile.

Najua kwa sababu niliwahi kuliuza kosa hilo. Nikiwa na gereji Nyakato, nilimbadilishia mteja dashibodi kwa geji yenye tabia kama ya kwako. Nikafunga, nikawasha swichi, mshale ukakaa palepale. Ndipo nilipotandika boksi nikalala chini ya gari, kitu nilichopaswa kukifanya asubuhi. Waya wa ethi niliushika kwa vidole viwili tu, ukakatika kama dagaa mkavu. Hela ya dashibodi nilimrudishia nusu. Mpaka leo nikikutana naye namlipia chai.

Na gari la samaki ndilo linaloumwa zaidi. Ziwa letu halina chumvi, wengi wanajidanganya kwamba kutu ni ya watu wa Dar na Tanga. Lakini maji ya barafu iliyochanganyika na damu na magamba yanachuruzika kutoka kwenye bodi la nyuma, yanapita juu ya tenki, yanatulia kwenye kila kiungo cha waya. Halafu vumbi la barabarani linayafunika. Ingia chini ya gari lako utanusa mwenyewe.

Kwa hiyo anza hivi. Tafuta waya mrefu, ufunge upande mmoja kwenye nguzo hasi ya betri, upande wa pili uushikize kwenye waya wa ethi wa sensa (yaani boya, mkono na kibao kwa pamoja), pale kwenye soketi iliyo pembeni ya tenki. Ukwangue kwanza mpaka shaba ing'ae. Washa swichi bila kupiga stata, usubiri dakika moja au mbili. Mshale wa geji hizi unasogea taratibu, usiukimbize. Ukipanda hadi F na tenki limejaa, ugonjwa wa kwanza umeushika. Kata kipande kilichooza, tia waya mpya wenye kichwa cha duara, sugua chesisi kwa msasa mpaka uone chuma cheupe, kaza bolti, paka grisi juu yake. Gharama yake haifiki bei ya sangara mmoja mnono.

Ukiwa bado chini, pima pia geji yenyewe ili uache kuisingizia. Chomoa soketi ya sensa: mshale unatakiwa ulale E. Kisha chukua balbu ndogo ya dashibodi, ya wati 3.4, uunganishe waya unaotoka kwenye geji na chesisi kupitia balbu hiyo. Balbu iwake, mshale uelekee F. Vikitokea vyote viwili, geji ni nzima na waya mrefu ni mzima. Kuna mafundi wanaogusisha waya moja kwa moja kwenye chuma, bila balbu. Geji nyingi zinavumilia, ila sioni haja ya kuiomba geji ya miaka thelathini ivumilie. Na wenye petroli: cheche karibu na tenki usifanye mchezo nayo. Gari liwe nje, sigara iwe mbali, na ufanyie kipimo kwenye soketi iliyo mbali na mdomo wa tenki.

Sasa ile homa ya karibu na nusu. Hapo ndipo floti ya fundi wa pili inapoingia, ingawa mgonjwa ni kile kibao chake. Kidole cha shaba kimepita njia moja tangu 1994, na sehemu ambayo mafuta yako hukaa siku nyingi ndiyo iliyolika. Kikifika pale kinapoteza mguso, geji inaona kama waya umekatika, mshale unaanguka E. Tuta likilitikisa boya, kidole kinahama kidogo, mshale unarudi.

Na kuna lile la darajani, ambalo mafundi wako wote wawili wameliruka. Ethi mbovu inaupunguza mshale, haiuongezi. Kibao kilicholika nacho kinauangusha. Tenki kavu likisomeka robo, maana yake boya halikushuka: mkono umekwama kwenye bawaba yake kwa kutu, au umepindika unagusa ukuta. Ulifanya la maana kugonga tenki. Nimeshaona watu wakiilaani geji wakati dizeli ipo na kilichoziba ni chujio la ndani ya tenki.

Basi sensa itabidi itoke. Punguza mafuta kwanza, toa waya wa betri, halafu ama ushushe tenki ama ulegeze bolti za bodi la nyuma mliinue upande mmoja. Mkiwa vijana wanne kuinua bodi ni haraka zaidi, tena unapata nafasi ya kuona kutu iliyojificha. Kabla hujafungua skrubu za kifuniko, piga brashi na ufute pande zote. Mchanga ukiingia tenkini utaukuta kwenye pampu ya injini, na bei ya pampu hiyo unaijua.

Itoe taratibu kwa kuizungusha, mkono usipinde. Tikisa boya karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza ndani, limetoboka na limekunywa dizeli, halifai. Kisha weka testa kwenye omu na uusogeze mkono kutoka chini hadi juu, polepole kama mtu anayefungua mlango usiku. Namba ishuke kwa mpangilio. Mahali itakaporuka au kupotea, angalia kwa karibu: utaona mstari unaong'aa kwenye waya, na pengine uchafu mweusi pembeni. Safisha kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme na kitambaa laini, au kwa kifutio cha penseli cha mwanao. Msasa hapa hapana, waya huo ni mwembamba kama unywele. Kidole ukikibonyeza kidogo sana kinaweza kupata mguso kwenye sehemu ambayo haijalika.

Waya ukiwa umekatika kabisa, nunua sensa, ila iwe ya Hilux ya miaka hiyo na ya tenki la aina hiyo. Kuna magari, hasa ya Kimarekani, ambayo hesabu yake imegeuzwa: omu chache ni tenki tupu. Ukifunga sensa ya namna hiyo, mshale utapanda kadiri unavyochoma mafuta, na utafurahi sana mpaka gari lizime. Mpira wa kifuniko nunua mpya. Wa zamani ukiurudisha, dizeli itavuja kila ukijaza.

Tenki likiwa bado tupu, mimina lita kumi kumi, usubiri mshale utulie, uandike kwenye kipande cha plasta ubandike kwenye dashibodi. Nusu ya mshale huwa si nusu ya tenki. Wenye mitumbwi wanatumbukiza fimbo kwenye tanki la mashine wanamaliza. Shingo ya tenki lako imepinda, fimbo haifiki.

Mpaka uifanye kazi hiyo, jaza tenki, andika kilomita, ujaze tena baada ya safari kadhaa, ugawe kwa lita. Usivuke Kigongo kwa kuuamini mshale. Na dizeli ikikata tena, usiue betri kwa stata: legeza bolti ya kutolea upepo kwenye chujio, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu yake mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza, ndipo uwashe.

SWALI: Mwangaluka fundi. Pikapu yangu ya petroli ni ya miaka ya 80. Geji ya mafuta na ya joto zimeanza kupanda pamoja kupita kawaida, lakini injini ukiigusa haina moto wa ajabu. Ni kitu gani?
Mkulima wa pamba, Magu

JIBU: Mwangaluka. Hakikisha kwanza maji ya rejeta, injini ikiwa imepoa, tusije tukaunguza kichwa cha injini kwa sababu ya maneno yangu. Maji yakiwa sawa, angalia kile kinachozilisha geji zote mbili. Pikapu nyingi za Kijapani za miaka hiyo zina kipunguza umeme nyuma ya dashibodi, kinachoshusha volti 12 za betri hadi kama 7. Kikigandana, au ethi yake ikilegea, geji zote zinakula umeme mwingi na kupanda pamoja. Kwenye baadhi ya Toyota kimejengwa ndani ya geji ya mafuta yenyewe, hapo utabadilisha geji hiyo tu. Toa waya wa betri kabla ya kufungua, na ukirudisha soketi ya nyuma sikiliza ilie tak. Isipolia, haijaingia.